Wilhelm Maybach na Rejeta ya Masega

Ukisimama kando ya barabara pale Rutamba, katika Mkoa wa Lindi, wakati wa msimu wa korosho, utayaona malori yakitoka mashambani yamesheheni magunia. Mengi hupita bila kusita. Lakini mara moja moja utaliona lori limesimama penye mwinuko, boneti imefunguliwa, na mvuke mweupe unapanda kama wa chungu kilichofunuliwa. Dereva amekaa chini ya mkorosho. Utingo ameshika dumu, anateremka kutafuta maji. Watu wa hapo husema kwamba gari limechemsha.

Huenda umekwisha kujiuliza kwa nini gari, ambalo chakula chake ni petroli au dizeli, lihitaji maji. Tena huenda ulishangaa kuona kwamba utingo akisharudi na dumu lake, dereva hamruhusu kuyamimina yale maji mara moja, bali humwambia angoje. Ili uyaelewe mambo haya mawili, inafaa usome habari za maisha ya mtu mmoja aliyeishi mbali sana na Rutamba, na aliyefariki zamani. Jina lake lilikuwa Wilhelm Maybach.

Wilhelm alizaliwa tarehe 9 Februari, 1846, katika mji wa Heilbronn, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa seremala. Mama yake alifariki Wilhelm akiwa bado mtoto mdogo, na muda si mrefu baba naye akafariki. Hivyo, alipofika umri wa miaka 10, yaani mdogo kuliko wengi wenu mnaosoma kitabu hiki, alikuwa yatima. Alipelekwa katika mji wa Reutlingen, kwenye nyumba ya kulelea watoto iliyoitwa Bruderhaus. Nyumba hiyo ilikuwa chini ya mchungaji mmoja aitwaye Gustav Werner. Haikuwa nyumba ya kula na kulala tu, kwani ilikuwa na karakana ambamo vijana walifundishwa kazi. Werner aliona kwamba mtoto yule ana mkono mzuri wa kuchora na akili ya ufundi, akamweka katika karakana ya mitambo. Wilhelm alifanya kazi, na nje ya kazi hiyo akasoma masomo ya ziada ya fizikia na hisabati katika shule ya mjini.

Mwaka 1865 Wilhelm alikuwa na miaka 19. Meneja wa karakana wakati huo alikuwa fundi mmoja aitwaye Gottlieb Daimler, aliyemzidi umri kwa miaka 12 hivi. Daimler alizitazama picha za mitambo alizozichora kijana yule, akamchukua awe msaidizi wake. Tangu siku hizo, kila alikokwenda Daimler, Maybach alikuwa naye. Walifanya kazi Karlsruhe, kisha mwaka 1872 wakaenda Deutz, karibu na mji wa Cologne, kwenye kiwanda cha injini za gesi cha Nikolaus Otto. Mwaka 1882 Daimler aligombana na wenye kiwanda, akarudi kusini, akanunua nyumba yenye bustani katika mji wa Cannstatt. Maybach akamfuata na huko.

Katika bustani ile palikuwa na kibanda cha vioo cha kuoteshea maua. Wale wawili waliligeuza banda hilo kuwa karakana, wakafanya kazi humo kwa siri mchana na usiku. Sauti za nyundo zilimtia shaka mtunza bustani, naye akadhani kwamba mabwana wale wanatengeneza fedha bandia. Akaenda kuwaarifu polisi. Polisi walipoingia hawakuona sarafu hata moja. Waliona vyuma na zana za kazi, basi, wakaenda zao.

Sasa hapana budi tuiache bustani ile kidogo, tueleze injini yenyewe.

Ndani ya injini mna silinda, yaani mwanzi mnene wa chuma, na ndani ya silinda mna pistoni inayopanda na kushuka. Mafuta na hewa huingia katika silinda, huwaka kwa ghafla, na ule mlipuko huisukuma pistoni chini. Nguvu hiyo ndiyo inayozungusha magurudumu. Injini za wakati wa Otto zilikuwa nzito, na mzunguko wake haukuzidi mara 200 kwa dakika. Daimler na Maybach walitaka injini ndogo iwezayo kubebwa na gari, na walijua kwamba injini ndogo haitakuwa na nguvu isipozunguka upesi. Mnamo mwaka 1883 walifanikiwa. Injini yao ilizunguka mara 600 kwa dakika. Mwaka 1885 walifunga injini ya namna hiyo juu ya chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kikatembea.

Lakini fikiri. Injini inayozunguka mara nyingi zaidi ina milipuko mingi zaidi, na kila mlipuko ni moto. Ndani ya silinda joto la gesi inapowaka hupita nyuzi 2000 za Selsiasi, hali chuma cha silinda huyeyuka kwa nyuzi 1200 hivi. Sehemu tu ya joto hilo hugeuka kuwa nguvu ya kuendesha gari. Sehemu nyingine hutoka pamoja na moshi katika bomba la nyuma, na karibu theluthi moja huingia katika chuma chenyewe. Joto hilo lisipoondolewa, pistoni hutanuka hata ikanasa ndani ya silinda, mafuta ya kulainishia huwa mepesi kama maji, na kichwa cha silinda hupinda. Kwa hiyo kila hatua Maybach aliyopiga katika kuongeza nguvu ya injini ilimletea adui yule yule, naye ni joto.

Njia nyepesi ya kuliondoa joto ni kuizungushia silinda maji. Kwa nini maji? Nenda ufukweni Lindi saa sita mchana. Mchanga utakuunguza nyayo, lakini bahari iliyo hatua chache mbele ni baridi, ingawa jua ni moja. Maji hupokea joto jingi kabla hayajawa moto. Ili kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja, huhitajika joto mara tisa hivi ya lile linalohitajika kwa kilo moja ya chuma. Kwa ajili hiyo maji ni mpagazi hodari wa joto.

Magari ya kwanza yaliyatumia maji kwa ubadhirifu. Yalichukua birika la maji, nayo maji yakachemka kwa joto la silinda na kupotea hewani kuwa mvuke. Mwezi wa Agosti, 1888, Bibi Bertha Benz, mke wa mtengeneza magari Karl Benz, alisafiri na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya kilometa 100 hivi, na njiani ilimbidi atafute maji mara kwa mara ya kujazia birika. Unaona kwamba utingo wa Rutamba mwenye dumu ana wenzake wa zamani sana.

Maybach alitaka maji yale yale yaende, yapoe, yarudi tena. Mwaka 1889 alipeleka kwenye maonyesho ya Paris gari jepesi la magurudumu ya chuma, ambalo fremu yake ilikuwa ya mabomba. Ndani ya mabomba hayo alipitisha maji ya injini. Maji moto yalitembea katika fremu, yakapoa kwa upepo, yakarudi kwenye silinda. Ulikuwa ufundi wa kupendeza, lakini ulifaa injini ndogo tu. Katika magari makubwa zaidi, maji yenye uzito wa mtu mzima yaliweza kubebwa, na bado yakachemka.

Mambo ya kampuni nayo hayakuwa mepesi. Mwaka 1890 Daimler aliunda kampuni pamoja na matajiri, na mwaka uliofuata Maybach akajitoa, kwa sababu hakukubaliana na masharti aliyopewa. Daimler aliendelea kumlipa, naye akafanya kazi pamoja na vijana wachache katika hoteli moja iliyokuwa haitumiki mjini Cannstatt. Ni katika miaka ile ndipo alipobuni kabureta yenye tundu dogo linalorusha petroli kama manyunyu. Mwaka 1895 alirudishwa kampuni awe mkuu wa ufundi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1897, alilishika tena lile tatizo la joto, akatengeneza chombo chenye vibomba vidogo vingi, hewa ikipita ndani ya vibomba na maji yakivizunguka.

Kabla ya kuendelea, fanya jaribio hili pamoja na wenzako, mwalimu akiwapo. Chukueni maji moto, mgawe sawasawa katika vyombo viwili. Kimoja kiwe kikombe chembamba, cha pili kiwe sinia pana. Baada ya dakika tano pimeni kwa kipimajoto. Maji ya sinia yatakuwa yamepoa zaidi. Sasa rudieni, lakini safari hii mmoja wenu apepee sinia kwa ukili au daftari. Yatapoa upesi zaidi. Maji hayakubadilika. Kilichobadilika ni ukubwa wa sehemu inayoguswa na hewa, na mwendo wa hewa yenyewe. Jambo hili wewe unalijua tangu utoto. Ugali ukiwa moto huumezi kwa bonge, huumega tonge dogo na kulipuliza. Mama akianika muhogo ukauke kuwa makopa huukata vipande, kwa maana vipande vina nyuso nyingi za kukutana na jua na upepo.

Daimler alifariki mwezi wa Machi, 1900. Maybach alibaki peke yake na kazi kubwa. Mfanyabiashara mmoja aitwaye Emil Jellinek alikuwa ameagiza magari yenye mwendo kuliko yote ya kabla, na alitaka yaitwe Mercedes, jina la binti yake. Injini ya gari hilo ilikuwa na nguvu za farasi 35. Joto lake lingechemsha maji ya chombo chochote kilichojulikana siku zile.

Hapo ndipo Maybach alipobuni rejeta ya masega. Alichukua vibomba 8,070 vyenye umbo la mraba, kila kimoja kikiwa na upana wa milimeta 6 kwa 6, akavipanga na kuviunganisha pamoja hata vikawa kama sega la nyuki lililosimamishwa mbele ya gari. Hewa ilipita katikati ya vibomba. Maji yalipita katika nafasi nyembamba sana zilizobaki baina ya kibomba na kibomba. Kila tone la maji lilikuwa karibu kuigusa hewa. Nyuma ya sega akaweka feni, ili hewa ivutwe hata gari linapokwenda polepole. Matokeo yake yalikuwa makubwa. Gari ambalo lingehitaji lita 18 za maji sasa lilitosheka na lita 9 tu. Jellinek alipokea gari la kwanza tarehe 22 Desemba, 1900, na mwezi wa Machi, 1901, magari hayo yaliwashinda wote katika mashindano ya Nice, Ufaransa. Wafaransa, ambao hawakuwa na desturi ya kuwasifu mafundi wa Ujerumani, walimwita Maybach mfalme wa watengenezaji.

Sasa turudi kwenye lori letu pale mlimani, boneti ikiwa wazi. Karibu kila kitu utakachokiona ni kizazi cha kazi ile.

Mbele kabisa iko rejeta. Ya siku hizi ina mirija myembamba ya maji yenye mabati membamba katikati yake, lakini kazi ni ile ile ya kuyatandaza maji mbele ya upepo. Nyuma yake iko feni. Kutoka juu ya rejeta na kutoka chini yake umetoka mpira mnene, mmoja ukileta maji moto kutoka kwenye injini na mwingine ukiyarudisha yakiwa yamepoa. Pampu ya maji ndiyo inayoyasukuma, na katika malori mengi huzungushwa kwa mkanda, ambao mafundi huuita feni belti. Mkanda huo ukikatika, maji husimama, na gari halifiki mbali. Ndani ya injini, maji hupita katika nafasi zilizoachwa kuzizunguka silinda. Huwezi kuziona kwa nje.

Kiko pia chombo kidogo ambacho wengi hawakijui, nacho ni themostati. Hukaa pale maji moto yanapotoka kwenye injini. Injini ikiwa baridi, themostati hufunga njia ili maji yasiende kwenye rejeta, kwa kuwa injini iliyo baridi mno hula mafuta mengi na hulika upesi. Maji yakifika nyuzi 80 na kitu, njia hufunguka. Ndani ya themostati nyingi mna nta inayotanuka kwa joto na kuisukuma sindano ya chuma. (Maybach alileta sega, wengine wakaleta nta!) Baadhi ya mafundi huing'oa themostati na kuitupa, wakidhani kwamba katika nchi ya joto haina kazi. Wanakosea. Dawa ya injini inayochemsha ni kutafuta rejeta iliyoziba kwa kutu, au mpira unaovuja, au mkanda uliolegea.

Mwisho tazama kifuniko cha rejeta, lakini usikiguse. Chini yake mna springi ngumu. Kifuniko huyafungia maji kwa kani, na maji yaliyofungiwa hivyo hayachemki kwa nyuzi 100 kama ya sufuria ya nyumbani; huweza kufika nyuzi 120 bila kuchemka. Ni msaada mkubwa kwa gari. Lakini akitokea mtu akafungua kifuniko injini ikiwa moto, kani huondoka ghafla, na maji yote huchemka kwa mara moja na kuruka juu kwa nguvu. Wako utingo wenye makovu ya uso na mikono kwa sababu ya haraka ya dakika moja. Kwa hiyo yule dereva aliyekaa chini ya mkorosho si mvivu. Anangoja chuma kipoe, na hata akisha kuyapata maji, huyatia kidogo kidogo, kwa maana maji baridi juu ya chuma cha moto huweza kukipasua kama glasi.

Tumalize habari za mtu wetu. Baada ya ushindi wa Nice ungedhani kwamba Maybach aliheshimiwa hadi mwisho wa kazi yake. Haikuwa hivyo. Wakuu wapya wa kampuni walimweka kando, na mwaka 1907 akaondoka katika kampuni aliyoipa sifa. Alikuwa na miaka 61. Mwaka 1909, kwa kushirikiana na Ferdinand von Zeppelin aliyekuwa akiunda vyombo vikubwa vya angani vyenye kujazwa gesi, aliwezesha kuanzishwa kiwanda cha injini za vyombo hivyo, na mwanawe Karl akawa mkuu wake wa ufundi.

Injini zenye jina la Maybach nusura zifike kwetu. Mwezi wa Oktoba, 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, palipiganwa vita vikali Mahiwa, katika nchi hii ya Lindi, baina ya majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani. Askari wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika. Wajerumani walikuwa wameishiwa risasi na dawa. Basi tarehe 21 Novemba chombo cha angani kiitwacho L 59, chenye urefu wa meta 226, kiliondoka Jamboli, Bulgaria, kikiwa na tani 15 hivi za vitu. Kilisukumwa na injini tano za Maybach, kila moja ya nguvu za farasi 240, zote zikipozwa kwa maji. Kilikuwa kikija huku kusini, kwenye uwanda wa Makonde. Kilivuka bahari ya Mediteranea na jangwa hadi magharibi ya Khartoum, na hapo kikapokea amri kwa simu ya upepo kirudi. Kilirejea Jamboli tarehe 25 Novemba, baada ya saa 95 angani na mwendo wa kilometa 6,757 bila kutua. Siku ile ile mabaki ya jeshi la Wajerumani yalikuwa yanavuka mto Ruvuma. Mizigo yao haikubebwa na injini. Ilikuwa juu ya vichwa vya wapagazi, ambao wengi wao hawakurudi makwao.

Maybach aliishi miaka mingine kumi na miwili. Chuo cha ufundi cha Stuttgart kilikuwa kimekwisha kumpa shahada ya heshima, yeye yatima ambaye hakusoma chuo chochote. Alifariki tarehe 29 Desemba, 1929, akiwa na umri wa miaka 83, akazikwa katika makaburi ya Cannstatt, mahali pale pale alipozikwa Daimler.